Mvuke Juu ya Wodi ya Wazazi

Wodi ya wazazi
Jumanne, 3 Machi

Mama Maswali, mwanangu,

Dereva wa lori la dawa amenipa nusu saa, anakunywa chai, kwa hiyo salamu utazijaza mwenyewe. Sisi wazima. Baba yako mguu unamsumbua, ila mdomo wake hausumbuliwi na kitu. Simu sikupigii. Nikikupigia unaniambia "salama, Shangazi" mara nne halafu mtandao unakata. Karatasi haikati.

Sasa nisikilize. Wiki mbili hizi kuna watu kilimani, hapa juu ya kituo chetu cha afya. Wamekuja na magari meupe na nyaya ndefu, wakazitandaza kwenye majani kuanzia dimbwi la maji moto hadi karibu na ukuta wa wodi yangu. Hawapigi kelele. Wanainama, wanatazama vifaa vyao, wanasikiliza ardhi. Asubuhi ukungu ukishuka huwaoni miguu, unaona vichwa tu vinaelea juu ya weupe. Wagonjwa wangu wanajikongoja mpaka dirishani kuwatazama. Mmoja akaniuliza, "Nesi, wanatafuta nini?" Nikamwambia wanatafuta joto. Akasema, "Si waje humu ndani mchana, tuwagawie?"

Mkubwa wao nimempa jina la Bwana Ramani, maana hasemi neno bila kukunjua karatasi. Anasema chini yetu kuna mvuke wa kutosha kuwasha miji mitatu. Watachimba visima vitano, na cha kwanza kitakuwa hatua mia nne kutoka kitanda hiki nilichokalia. Mkutano wa mji ni tarehe 14 Juni. Tukikubali, wanaanza. Tukikataa, wanasema wana vilima vingine.

Mji mzima unajua binti wa kaka yangu ni msimamizi kwenye visima vya mvuke, kwa hiyo njia yote ya sokoni nasimamishwa. Mwashi anasema kilima kitapasuka. Mwalimu mkuu anasema Mwashi hajui kitu, halafu naye ananivuta pembeni aniulize kama kweli kitapasuka. Wanawake wanaogopa dimbwi kukauka.

Mimi umeme siupingi. Nautaka kuliko wote. Lakini unakumbuka sola tuliyoletewa? Watu walipiga picha, wakakata utepe, wakaondoka. Mwaka wa pili betri zikavimba kama shavu la mtu mwenye jino bovu. Fundi pekee aliyezielewa alikuwa amehama. Tangu hapo nikiletewa kitu kipya, kwanza namtazama aliyekileta machoni. Wewe siwezi kukutazama, uko mbali. Basi nieleze kama unavyomweleza mtu anayelaza watoto wachanga hatua mia nne kutoka kwenye shimo lako. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Shangazi yako

Nimekuwekea sabuni. Kwenye karatasi usitazame, tazama sabuni.


Kambi ya visima
19 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako imenikuta kazini na naijibu nimekaa juu ya bomba, maana hapa mabomba ndiyo viti vyetu. Usijali, yamevishwa, hayaunguzi. Samahani kwa mwandiko. Nimeandika gari likienda.

Natamani ungeona asubuhi za hapa. Jua likichomoza huoni kitu chochote chenye kona. Visima ishirini vinatoa weupe, weupe unajiunga, na ndani yake mabomba yanatokea na kupotea kama yanayokwenda mahali yanapopajua yenyewe. Mtu akiwa hatua kumi mbele yako anakuwa kivuli, kisha sauti, kisha hayupo. Mlio wa mtambo unasikika kifuani kabla ya kufika masikioni. Wageni hulala nao vibaya. Sisi tukienda likizo ndipo tunashindwa kulala, kwa kuukosa.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Tunachimba kwenda chini kilomita mbili hivi, mpaka kwenye mawe yenye maji yaliyochemka tangu kabla ya mababu. Mvuke unapanda, unazungusha mtambo, mtambo unatoa umeme. Maji yanayobaki tunayarudisha chini ili ardhi isikauke. Hakuna dizeli. Hakuna kusubiri mvua wala jua. Usiku na mchana, mwaka hadi mwaka.

Mwambie Mwashi kilima hakipasuki. Shimo lenyewe halifiki upana wa mikono yake miwili, na limevishwa chuma na saruji toka juu hadi chini. Kuna mitikisiko midogo wakati mwingine, kikombe kinagonga sahani, basi. Dimbwi linaweza kupungua joto wakichimba karibu nalo. Waambieni wasogee. Kuna gesi pia, ile ya mayai viza, lakini tuna vipimo na kengele, na pua yenyewe inakuonya mapema.

Kwa kifupi, hatari ni ndogo na faida ni kubwa. Mimi ningesema ndiyo bila kupepesa macho.

Sola haikufa kwa sababu ya sola, Shangazi. Ilikufa kwa kukosa mtu. Hapa watu tupo.

Binti yako,
Mama Maswali


Wodi ya wazazi
6 Aprili

Mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza nikafurahi. Ya pili nikamsomea baba yako, akasema, "Huyo ni mtoto wangu," kana kwamba mimi nilikuokota njiani. Ya tatu nikakaa nayo peke yangu kwenye stoo ya mashuka, na humo nikaanza kuona matundu.

Umenieleza mvuke unapanda vipi. Hukunieleza unakuwaje ukikataa kutii. Umesema mna vipimo na kengele. Na kengele ikiharibika? Nani anaigundua, na kazi inasimama au inaendelea? Umesema pua inaonya. Mtoto wa siku mbili pua yake inamwonya nini? Umesema hatari ni ndogo. Ndogo kama nini? Kidole kilichokatika ni kidogo, na kifo cha mtu mmoja kwa mahesabu ya wakubwa nacho ni kidogo.

Hapa mkutano umeshaanza kabla ya mkutano. Mwalimu mkuu amechora mtambo ubaoni, wanafunzi wameongeza moshi na jini. Bwana Ramani amekuja wodini kunisalimia, akaniletea kalenda. Nikamwuliza, "Mkiwa mnatoa hewa mbaya na upepo ukageuka huku, nawapeleka wapi akina mama walioshonwa jana?" Akakunjua ramani. Akaikunja. Akasema atauliza makao makuu.

Mwezi uliopita umeme ulikatika Jumatano mchana, mvua ikinyesha, ukarudi Ijumaa. Sina zaidi la kusema juu ya siku hizo.

Nimeota kilima kimesimama, kikajikung'uta majani, kikaondoka polepole kama mtu aliyechoka kusubiri. Mahali pake pakabaki uwanja mweupe, na mimi nimesimama katikati na beseni mkononi, natafuta nilichotumwa. Sikuogopa. Niliona aibu tu, sijui kwa nini.

Nijibu yale maswali. Jina la utani nilikupa mimi, usinifanye nikunyang'anye.

Shangazi


Kambi ya visima
22 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Unanihoji kama karani wa mahakama. Naelewa, lakini nami niulize: jenereta lako linalokohoa nyuma ya wodi halina hatari? Moshi wake wanauvuta hao hao watoto wa siku mbili. Mishumaa haina hatari? Kuni hazina? Watu wanataka kitu kipya kiwe hakina doa hata moja, na cha zamani wanakisamehe kila siku kwa sababu wamekizoea kukiona kinaua.

Kengele zinakaguliwa. Kazi inasimama panapostahili. Hayo ndiyo majibu. Sina njia ya kuyasema kwa urefu zaidi.

Kama mji unataka kusema hapana, useme, lakini usitafute hiyo hapana kwangu. Nimechoka kidogo, Shangazi. Nimehamishiwa ofisini kwa muda, naandika ripoti, natazama visima kupitia dirishani. Kutoka huku vinaonekana kama vitu alivyochora mtu na kuanza kuvifuta.

Asante kwa sabuni. Inanukia waridi vizuri sana, chumba kizima kimekuwa bustani. Naoga nayo kila asubuhi nikikukumbuka.

Mpe Baba pole ya mguu.

Mimi


Wodi ya wazazi
4 Mei

Mwanangu mpenzi,

Dereva wa dawa leo nimemwambia ataondoka nikimaliza, na kama ana haraka ashushe maboksi mwenyewe.

Sabuni ile si ya waridi. Waridi ni picha iliyokuwa kwenye karatasi, niliifungia kwa karatasi ya sabuni nyingine. Nilikuandikia hata usiitazame karatasi. Ndani ni sabuni ya mkaratusi niliyoipika mimi mwenyewe, na nilizidisha mafuta mpaka baba yako akahamia barazani siku mbili. Mtu aliyelala fofofo angeamka akipiga chafya. Wewe unaoga nayo kila asubuhi na unasikia waridi.

Kwa hiyo husikii kitu.

Nimerudi kwenye barua zako kama ninavyorudi kwenye kadi ya mgonjwa. Mwandiko ulioteleza, ukasema ni gari, na kwenye mstari wa juu yake umesema umekaa juu ya bomba. Kuhamishiwa ofisini "kwa muda". Hasira za kitoto kwa maswali ambayo zamani ungeyauliza wewe. Miaka ishirini na sita nimekaa na wanawake. Sauti ya mtu anayesema haumwi naijua hata kwenye karatasi.

Nikaenda kwa daktari wetu, nikamwuliza kama habari ya mtu mwingine: mtu anapotezaje kunusa ghafla, anayefanya kazi kwenye mvuke? Akatoa kitabu. Akanisomea kwamba ile gesi ya mayai viza ikiwa kidogo inanuka, ikizidi inaua pua kwanza. Mtu anadhani imeisha. Anashusha pumzi, anaendelea na kazi, anaanguka.

Wewe uliniandikia pua inaonya mapema.

Sina hasira. Nilikuwa nayo jana, nikafulia mashuka nayo. Leo nataka kujua tu: mwanangu, ulianguka wapi? Na ulikuwa na nani?

Mkutano sitautaja. Niandikie mimi.

Shangazi yako


Kambi ya visima
15 Mei

Shangazi,

Nimeanza barua hii mara tano. Nitaandika kama ripoti, nikishindwa utanivumilia.

Tarehe 9 Februari, saa nne asubuhi. Kisima namba kumi na moja. Kila kisima kina shimo la zege kuzunguka mdomo wake, kina cha mtu na nusu, unashuka kwa ngazi kukaza vali. Gesi ile ni nzito kuliko hewa. Inatuama humo kama maji usiyoyaona. Ndiyo maana kila shimo lina kengele.

Kengele ya namba kumi na moja ilikuwa mbovu kwa siku tano. Tuliandika, tukaambiwa kipuri kiko njiani. Asubuhi ile vali ikaanza kuvuja. Meneja akaniita kwenye redio: "Dakika tano tu, mama, mtambo unasubiri." Hakuna anayeshuka shimoni bila kibali cha msimamizi wa zamu, na msimamizi wa zamu nilikuwa mimi. Kwenye kibali kuna mstari unaosema kengele inafanya kazi. Nikaweka alama ya ndiyo. Nikatia sahihi.

Alishuka Mrefu. Sikuwahi kukwambia habari zake. Ndiye aliyenifundisha kazi nilipofika hapa sijui kushika spana, na hakunicheka ila siku moja moja. Akiwa kwenye ngazi akasema, "Leo hata hakunuki, bosi. Kisima kimeoga." Nikacheka. Shangazi, nilicheka. Ni mimi niliyesomea gesi.

Kisha nikasikia spana inaanguka kwenye zege. Nilivaa barakoa ya hewa, nikashuka. Nilivyokuwa nahangaika na mikanda nadhani haikukaa sawasawa. Nilimfunga kamba kwapani, wenzangu wakavuta. Nakumbuka viatu vyake vikipanda kwenye weupe, vikiwa vikubwa mno, na mimi nikifikiri, nani atavifunga kamba. Baada ya hapo nakumbuka majani shavuni.

Mimi nimepoteza kunusa, na mkono wa kulia unatetemeka, ila mtetemo unapungua. Mrefu yuko hospitali mpaka leo. Anamjua mkewe. Maneno ndiyo yanamtoroka. Anatazama kijiko anasema "kile cha… kile cha…" halafu anatabasamu kuniomba radhi. Ripoti ya kampuni inasema alipata kizunguzungu kwa sababu ya joto. Hawakuniomba niseme uongo. Waliniomba ninyamaze tu, wakanipa ofisi yenye dirisha.

Nilikuficha kwa sababu niliogopa mji utakataa mvuke kwa kosa langu. Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa: bado naamini mvuke ni mzuri. Nimeuona ukiwasha miji miaka saba bila kuzimika. Hatari yake inajulikana na dawa yake inajulikana. Siku ile gesi haikufanya jambo lolote jipya, ilituama kama inavyotuama siku zote. Haraka ilikuwa yetu. Ukiniuliza kama ningetaka umeme huu hapo nyumbani, nasema ndiyo. Ukiniuliza kama ningemwachia Meneja wangu kilima chenu, nasema hapana. Sijui nazipimaje hizo mbili pamoja.

Sasa unajua. Nisamehe kwa ile "bila kupepesa macho".

Binti yako


Wodi ya wazazi
28 Mei

Mwanangu,

Nililia, nikamaliza, nikanawa uso, nikaingia zamu. Sikuhukumu. Nitakwambia kwa nini sina haki ya kukuhukumu.

Ile Jumatano ya mwezi wa tatu. Nilikuandikia sina zaidi la kusema. Nilikuwa nalo. Saa sita mchana alizaliwa mtoto wa kiume, wa mama anayeuza mkaa sokoni, amekuja mapema, mapafu machanga. Nikamweka kwenye mashine ya oksijeni. Akawa anapata rangi. Mvua ikaanza, umeme ukakata. Jenereta likawaka, likakohoa, likazima, na halikuwaka tena. Nikachukua mfuko wa kupulizia kwa mkono. Nilimpulizia saa mbili na dakika arobaini. Mkono ukifa nabadilisha mkono. Mama yake ananitazama usoni, hamtazami mtoto, ananitazama mimi, na mimi nikawa naimba kile kiwimbo chetu cha wodini ili asione. Saa tisa kasoro nikaacha kuimba.

Sikukwambia kwa sababu nilijua ukisikia utasema ndiyo, na utaisema kwa sababu ya yule mtoto, si kwa sababu ya mvuke. Nilitaka jibu ambalo halijamwagiwa machozi. Kumbe na wewe huko unanichujia la kwako. Tumekaa miezi mitatu tukipigana chenga kwa mapenzi.

Naomba ruhusa moja. Nikisimama mkutanoni na barua yako ya kwanza, nitakuwa nimewadanganya. Nikisimama na ya mwisho, huenda ukamwaga unga. Kazi hiyo uliisomea kwa jasho, nami naijua. Ukisema nisisome, nitakaa kimya na sitakulaumu mpaka naingia kaburini.

Shangazi


Kambi ya visima
6 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nilikwenda kwanza kwa mke wa Mrefu, maana aliyeumia ni mumewe. Alikuwa anakunja nguo za kazi za mumewe, zile ambazo hazivai tena. Nikamweleza. Akasema, "Isomwe. Na useme alikuwa fundi mzuri. Ile ripoti imemfanya aonekane mtu wa kuzimia kwa jua."

Isome yote. Kile kipande nilichocheka nacho usikiruke.

Waambie pia mambo ya kudai. Kisima kivuke ng'ambo ya mgongo wa kilima, upande ambao upepo unaelekea ukitoka kituoni. Kengele mbili kila shimo, na moja ukutani kwako. Na muhimu kuliko yote, mtu wa mji, asiyelipwa cheo na kampuni, awe na uwezo wa kusimamisha kazi kengele ikiwa mbovu, na Meneja asiweze kumpigia redio.

Binti yako


Wodi ya wazazi
17 Juni

Mwanangu,

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa shule, saa nne asubuhi. Madirisha yote wazi, na ukungu ulikuwa unaingia kwa dirisha moja na kutokea jingine kana kwamba nao ulialikwa. Nilisimama. Nikasoma.

Nilipofika kwenye kicheko chako, baba yako akanyanyuka na mguu wake, akanishika kiwiko, akabaki amesimama hapo mpaka mwisho.

Bwana Ramani akasimama. "Hiyo ni barua ya mtu binafsi. Haina muhuri."

Mwashi akamjibu kutoka nyuma, "Ndiyo maana tunaiamini."

Watu wakacheka, kisha wakaanza kupiga kelele, hapana, hapana, waondoke. Nikafikiri yameisha. Ndipo akasimama yule mama wa mkaa. Sikuwa nimemtaja. Nisingethubutu. Ana sauti ndogo, ikabidi watu wanyamaze wamsikie.

"Mtoto wangu hakuuawa na gesi," akasema. "Alikufa kwa kukosa umeme, mikononi mwa huyu nesi. Nikisikia mnasema hapana, nauliza, hapana ya nani? Lakini simtaki mwenzangu akae hospitali anatafuta jina la kijiko. Kwa hiyo mimi nasema waje, na waje kwa masharti yetu. Wakiona masharti ni mazito, basi hawakuja kwa ajili yetu."

Akakaa. Akajifunika kanga usoni.

Tuliandika masharti mpaka saa tisa. Yako matatu, na ya kwetu: kabla ya kisima chochote, wodi ipate mashine ya oksijeni yenye betri yake, na fundi wa betri awe mkazi wa hapa. Mwalimu mkuu aliandika, Mwashi alisahihisha. Bwana Ramani akasema makao makuu hayatakubali. Nikamwambia awapelekee hivyo hivyo, asikunje.

Magari meupe yameondoka jana. Nyaya wamekunja zote. Kilima kiko kimya, na sijui tumefanya vizuri au tumefukuza riziki. Wewe je? Wamekufanya nini?

Shangazi


Mjini, karibu na hospitali
30 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo. Samahani kwa ukimya. Barua uliyoisoma ilifika makao makuu kabla sijakujibu, mtu aliinakili mkutanoni. Nilisimamishwa siku ile ile. Kisha likaitwa baraza la uchunguzi kutoka nje ya kampuni, watu wanne na jagi la maji. Waliniuliza nani aliweka alama ya ndiyo. Nikasema mimi. Wakaniuliza nani aliniita kwenye redio. Nikasema hilo nalo. Meneja hakunitazama. Hakukana pia. Alionekana mzee ghafla, kama mtu aliyekuwa anasubiri aulizwe.

Yeye ameondolewa. Mimi unga sikuumwaga, ila nimeshushwa, naanza upya kama fundi wa kawaida, na sitatia sahihi kibali cha mtu yeyote kwa miaka mitatu. Nilipoambiwa nililala mchana kutwa, mara ya kwanza tangu Februari. Ripoti mpya imeandika gesi. Imeandika kwamba Mrefu alikuwa fundi mzuri, mke wake aliwasimamia mpaka wakaandika.

Kila alasiri nakwenda kukaa naye. Chumba chake kina mapazia mepesi, mwanga unaingia kama umepitia maziwa, na tunafanya mazoezi ya maneno. Juzi alinitazama muda mrefu.

"Ulinivuta," akasema.

"Ndiyo."

"Na ulinituma."

"Ndiyo, kaka. Nilikutuma."

Akafikiri. Nilimwona akitembea huko ndani, anafungua milango. Kisha akasema, "Fungua dirisha," na neno dirisha lilikuja lenyewe, bila kutafutwa. Nikafungua. Tukakaa. Hajanisamehe wala hajanifukuza, na nimeanza kuona kwamba naweza kuishi hapo katikati.

Nasikia kampuni inarudi kwenu na masharti yamekubaliwa karibu yote. Mwalimu mkuu ameniandikia eti mji unanitaka mimi niwe yule mtu wa kusimamisha kazi. Mwambie hapana. Msichukue mtu mwenye shangazi hapo. Siku moja mtahitaji kazi isimame na mimi nitafikiria taa ya wodi yako, nitasema dakika tano tu. Chukueni mtu asiyempenda yeyote.

Binti yako,
bado ninauliza


Wodi ya wazazi
11 Aprili

Mwanangu,

Tumemchukua Mwashi. Hampendi yeyote na hamwamini yeyote, hata saruji yake anaigonga mara mbili. Alipelekwa mafunzo miezi minne, akarudi na kofia ngumu ambayo havui hata akila. Mwezi uliopita alisimamisha kazi siku mbili nzima kwa sababu kengele moja ilichelewa kulia. Watu wa kampuni walikunja sura. Akawaambia waende wakaoge dimbwini, maji bado moto.

Mashine ya oksijeni imekuja na betri yake. Umeme wenyewe bado, wanasema mwaka mmoja na nusu, nami nimezidisha mara mbili ili nisikasirike. Na usidhani nimekuwa jasiri. Kuna asubuhi natoka nje, hakunuki kitu, hewa safi kabisa, na moyo unanipasuka. Nakwenda mpaka ukutani kutazama ile taa ya kijani ya kengele. Nikiiona ndipo narudi kazini. Nadhani nitaitazama hivyo mpaka nistaafu, na atakayenifuata nitamwachia kazi hiyo pamoja na funguo.

Jana walifungua kisima cha kwanza kukijaribu, huko ng'ambo ya mgongo wa kilima. Walitutangazia, lakini nilikuwa na msichana mmoja wa uzazi wa kwanza, katoka mbali, peke yake, amekamata chuma cha kitanda na ananiambia hawezi, anataka kwenda kwao. Ukasikika mngurumo, wa chini sana, kama ule uliosema unaanzia kifuani. Vikombe vikagonga. Kisha juu ya kilima ukapanda weupe. Ulipanda bila haraka, mnene, umenyooka, ukafika kwenye jua ukawa na rangi ya ganda la yai, ukaendelea kupanda. Nje watu walikuwa wamesimama na vichwa nyuma. Taa ukutani ilikuwa ya kijani. Niliitazama kwanza, nakiri.

Msichana aliacha kulia. Akanyoosha kidole dirishani. "Nesi, kile nini?"

Mambo mengi yalinijia. Wewe, shimo, viatu vya Mrefu vikipanda, mtoto wa mama wa mkaa. Na yeye ananisubiri nimjibu, jasho linamtiririka, hana muda wa hadithi.

"Ni pumzi tu," nikamwambia. "Haya, na wewe vuta yako."

Shangazi yako